Serengeti kwa Mfuko wa Familia: Safari ya Mwezi Juni kupitia Lango la Ndabaka

Basi la Mwanza kwenda Musoma hupita ubavuni mwa Serengeti kila siku. Ukishaiacha Lamadi, abiria aliyekaa dirisha la kulia huliona lango la Ndabaka hatua chache tu kutoka kwenye lami. Mimi nimelipita lango hilo miaka mingi, nikienda misibani na harusini, bila hata mara moja kufikiria kuteremka. Nilijua, kama majirani zangu wote walivyojua, kwamba hifadhi ni ya wageni wenye dola.

Wazo hilo lina asili yake. Safari inayotangazwa zaidi huanzia Arusha, na njia ya kutoka Arusha hadi Serengeti hukatiza Hifadhi ya Ngorongoro, ambayo ina ada zake yenyewe mbali na zile za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ongeza mwendo wa siku nzima, hoteli ya njiani na gari la kampuni, hesabu inamshinda mwalimu au muuza duka. Lakini Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na upande wake wa magharibi unanyoosha mkono hadi karibu na Ghuba ya Speke, kwenye Ziwa Viktoria. Anayetoka Mwanza hufika Ndabaka kwa saa mbili hivi, barabara ya lami, bila kupita hifadhi nyingine yoyote. Mwongozo huu ni wa njia hiyo: siku tatu, usiku mbili, familia au marafiki wanaojilipia wenyewe.

Chagua mwezi kabla ya kitu kingine

Nyumbu wa Serengeti, ambao ni zaidi ya milioni moja, hawakai mahali pamoja. Wanafuata mvua na majani mabichi. Kuanzia Desemba hadi Machi wako nyanda za kusini, upande wa Ndutu, ambako udongo wenye majivu ya volkano huotesha majani mafupi yenye madini. Huko ndiko wanakozalia, wengi wao mwezi Februari. Masika yanapokwisha na nyanda hizo kukauka, hupanda kupitia vilima vya Moru na eneo la Seronera, katikati ya hifadhi, kisha makundi makubwa hugeukia magharibi. Julai hadi Oktoba wengi wako kaskazini, huku na huku ya Mto Mara. Vuli zikianza, hurudi kusini.

Tazama sasa mwezi Juni. Kwa kawaida huo ndio wakati makundi yako Ukanda wa Magharibi, yakivuka Mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Mwezi huohuo shule zetu za Tanzania zimefungwa, mvua zimekatika, na barabara ya Ndabaka imeanza kukauka. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa mwenye watoto, sioni mwezi mwingine unaoushinda. Nyumbu hawasomi kalenda. Mwaka wenye mvua ndefu huchelewa, mwaka mkavu hutangulia. Kwa hiyo usipange safari nzima kwa ajili ya kuwaona wakivuka mto. Panga kwa ajili ya simba, chui, tembo, twiga na viboko, ambao wapo mwaka mzima. Nyumbu wakiwepo, hiyo ni neema.

Epuka Aprili na Mei kwa njia hii. Udongo wa magharibi ni mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, gari huteleza hata likiwa na gia ya magurudumu manne, na ukikwama huenda mkasubiri saa kadhaa kabla gari lingine halijapita.

Hesabu saa, usihesabu siku

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au kuokolewa. Kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24 tangu ulipoingia, na ni cha kuingia mara moja. Aliyeingia saa 12 asubuhi akatoka jioni ametumia nusu ya alichokilipia. Aliyeingia saa 7 mchana ana haki ya kuwemo hadi saa 7 ya kesho yake.

Wanyama nao wana saa zao. Simba hulala sehemu kubwa ya mchana. Chui akishapanda mti saa 4 asubuhi, hana habari na mtu. Kati ya saa 5 na saa 9 alasiri jua ni kali, mwanga ni mbaya kwa picha, na hata swala wamejibanza kivulini. Saa zenye thamani ni mbili: alfajiri hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi machweo. Unachokinunua hasa ni hizo.

Basi ingia Ijumaa saa 7 mchana, toka Jumapili kabla ya saa 7 mchana. Kwa vibali vya saa 48 unapata jioni mbili na alfajiri mbili. Familia iliyoingia Ijumaa alfajiri na kutoka Jumapili mchana hulipa kibali cha tatu kwa kuongeza asubuhi moja tu, tena ya barabarani. Kama mna uwezo wa kulala usiku mmoja tu, kanuni ni ileile. Hivyo ndivyo ninavyoshauri kila anayeniuliza: kata gharama ya hoteli, kata vyakula vya anasa, lakini usikate usiku wa kulala ndani. Anayelala nje hupitwa na alfajiri akiwa kwenye foleni ya getini.

Njia pekee ya siku moja ninayoweza kuitetea ni hii: laleni nyumba ya wageni Lamadi, fikeni Ndabaka lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi, mzunguke nyanda za Kirawira na Mto Grumeti tu, hukohuko magharibi, mtoke kabla ya saa 12 jioni. Msijaribu kwenda Seronera na kurudi siku hiyohiyo. Mtaendesha gari kutwa na kuona vumbi.

Fedha kwenye karatasi

Chukua karatasi uandike mistari hii, mmoja mmoja, kisha ugawanye kwa idadi ya watu: ada ya kuingia kwa kila mtu kwa kila saa 24, ada ya gari, ada ya kambi kwa kila mtu kwa kila usiku, kodi ya gari na posho ya dereva, mafuta, chakula na maji, akiba ya dharura, angalau sehemu moja ya kumi ya jumla. Viwango vinavyotumika mwaka huu vichukue TANAPA kwenyewe, na uulize kama vimejumlisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Watu wengi hukwama getini kwa sababu walihesabu bila kodi hiyo.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiwango chao cha shilingi, kilicho chini sana ya kile cha mgeni. Haki hiyo huthibitishwa kwa kitambulisho, kwa hiyo kila mtu mzima abebe cha taifa (NIDA) au pasipoti. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango cha watoto. Beba vyeti vya kuzaliwa vya wale wenye maumbo makubwa kuliko umri.

Pesa taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa benki au simu. Lipa kabla ya siku ya safari na uchapishe risiti. Mtandao ukigoma mbele ya geti, saa zako za jioni ndizo zinazoliwa.

Kwa ndugu zetu wa Kenya: mpaka kati ya Maasai Mara na Serengeti haupitiki kwa watalii, ingawa nyumbu hupita. Ingieni Sirari, mshuke kwa lami hadi Bunda na Ndabaka. Gari lenye namba za nje hutozwa ada kwa dola, kiasi kikubwa kuliko cha gari la hapa, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kuacha lenu na kukodi Musoma au Mwanza.

Gari na dereva

Kiangazi nimeona Noah zikifika Seronera. Zinafika, ila abiria wa nyuma hawaoni kitu juu ya majani, na barabara ina vijituta vya mfululizo vinavyotetemesha gari mpaka boliti zinalegea. Gari linalofaa ni Land Cruiser ndefu inayofunguka juu, yenye viti vya abiria sita au saba na kila mmoja kwenye dirisha lake. Tafuteni familia ya pili mchangie. Basi dogo la watu ishirini na tano ni nafuu kwa kila mtu, lakini mmoja akitaka kuondoka na mwingine akitaka kubaki, safari hugeuka kikao.

Kabla ya kutoa malipo ya awali ya gari, nenda ukalione mwenyewe. Safari yetu ya kwanza sikwenda kulikagua. Tulipata pancha mbele kidogo ya Kirawira, tukateremsha tairi la akiba, nalo halina upepo hata kidogo. Tulikaa pale hadi jioni, watoto wakiwa wamefungiwa ndani na madirisha yamepandishwa kwa sababu ya mbung'o, na mama mkwe wangu akiomba rozari. Sasa hukagua kwa mikono yangu: matairi mawili ya akiba yaliyojazwa upepo, jeki na ubao wa kuiwekea, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia gari, sepetu, dumu la maji ya rejeta. Umwombe mwenye gari aandike kwenye mkataba nani analipa likiharibika njiani, na kama mafuta yamo au hayamo.

Mafuta, piga hesabu ya lita moja kwa kilomita tano, maana gari hutembea polepole na kwa gia ndogo. Mwanza hadi Ndabaka na kurudi ni kama kilomita 290, Ndabaka hadi Seronera na kurudi kama 280, na mizunguko ya kutafuta wanyama tenga 150. Zinakaribia 720, yaani lita 144. Jaza tangi Lamadi na ubebe dumu la akiba.

Dereva ni nusu ya safari. Muulize amefika Serengeti mara ngapi na lini mara ya mwisho, kisha umuulize swali moja la mtego: akiona chui mbali na barabara, ataacha njia amfuate? Akijibu ndiyo kwa kutaka kukufurahisha, tafuta mwingine. Kuacha barabara ni kosa, faini ni yenu wote, na majani yaliyokanyagwa hubaki na alama ya matairi muda mrefu.

Mahali pa kulala

Seronera, katikati ya hifadhi, kuna kambi za umma kama Pimbi na Nyani, zenye vyoo, mabafu na jengo la kupikia lililozungushiwa wavu. Hema mnakuja nalo. TANAPA pia ina nyumba za kupumzikia na hosteli, ambazo kwa kikundi cha shule au watu wazima wenye maumivu ya mgongo ni bora kuliko hema. Uliza mapema kwa maandishi, miezi miwili kabla kwa mwezi Juni.

Kambi hazina uzio. Ni jambo la kumweleza kila mtu nyumbani, kabla hajalisikia usiku kwa masikio yake. Fisi hupita, nyati hupita, wakati mwingine tembo. Hema lililofungwa zipu mnyama hulichukulia kama jiwe, mradi ndani hamna chakula. Kwa hiyo karanga, ndizi, hata dawa ya meno yenye harufu, vyote vikae ndani ya gari. Mtoto alale katikati ya watu wazima wawili. Chooni usiku hakuna kwenda peke yako: mmulike kwanza pande zote, na macho yakiwaka mbele yenu, rudini ndani mtumie ndoo. Sisi hubeba ndoo yenye mfuniko, na sijawahi kuijutia.

Mzigo

Seronera iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri ya Juni ni baridi ya kutetemesha meno, hasa paa la gari likiwa wazi. Sweta, koti, kofia ya sufu na blanketi la kujifunika miguu. Saa 5 utakuwa umevua vyote.

Rangi ya nguo ina maana kubwa huku magharibi. Mbung'o, ambao wengi huwaita ndorobo, huvutwa na nyeusi na bluu iliyokoza, ndiyo maana mitego yao hifadhini ni ya rangi hizo. Vaa kaki, kijivu au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Nguo za mabakamabaka zinazofanana na sare za jeshi ziacheni nyumbani, raia haruhusiwi kuzivaa. Dawa za kupaka hazimsumbui sana mbung'o, ila ni za lazima kwa mbu wa malaria jioni.

Darubini moja kwa watu wawili, isipungue hapo. Darubini moja kwa gari zima huleta ugomvi. Kwa anayepiga picha, shona kimfuko cha kitambaa ukijaze maharage, ukiweke dirishani, ulaze kamera juu yake. Kinatuliza mkono kuliko chombo chochote cha kununua, na mkirudi nyumbani mnayachemsha.

Chakula kiwe cha kuliwa garini bila kushuka: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, machungwa, chupa kubwa za chai. Maji lita tatu kwa mtu kwa siku, mbali na ya kupikia. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, basi pakia kwenye vikapu. Pika kwa gesi, kwa sababu kuokota kuni hifadhini hairuhusiwi. Ongeza dawa za kila mtu, panadoli, chumvi za kuongeza maji mwilini, na karatasi yenye namba za simu za geti na ofisi ya hifadhi, kwani simu hushika vizuri Seronera lakini njiani kuna sehemu ndefu zisizo na mtandao.

Ijumaa: Ndabaka hadi Seronera

Ondokeni Mwanza saa 4 asubuhi, mle Lamadi, saa 7 muwe mmemaliza getini. Kilomita 140 zilizobaki zipeni saa tano. Mwendo wa juu kabisa hifadhini ni kilomita 50 kwa saa, na ukiufikia huo hutaona kitu.

Huku ndiko kwenye utajiri wa magharibi, na wengi huupita mbio. Simameni kwenye Mto Grumeti mtafute mamba, kisha mnyanyue macho kwenye miti mirefu ya kingo: mbega weusi wenye mikia meupe huishi pale. Nyanda za Kirawira zina topi, pofu na twiga, na Juni nyumbu huzijaza hadi ardhi ionekane kama inatembea. Saa 12 jioni muwe mnakaribia kambi. Baada ya saa 1 usiku gari halitakiwi kuwa barabarani.

Jumamosi: kutafuta kwa macho ya wanyama wengine

Tokeni kambini saa 12 kamili, kukiwa na ukungu, mshike njia zinazofuata Mto Seronera. Tazameni matawi ya mlalo ya migunga na miegea. Usitafute chui mzima, tafuta mkia unaoning'inia. Duma yeye huwinda mchana, na hupenda kusimama juu ya kichuguu. Simba hupenda vilima vya mawe, kwani jiwe hubaki na joto la jana.

Lakini njia ya hakika zaidi ni kuwaacha wanyama wakuoneshe. Swala tomi kumi wakisimama bila kula, masikio na nyuso upande mmoja, kuna kitu upande huo. Tumbusi wakizunguka juu huenda wanatafuta tu. Wakishuka kwa kasi mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga. Kanga wakipiga kelele bila kukoma, mwindaji yuko chini yao.

Jumamosi moja tulikuwa tumekaa dakika arobaini mbele ya majani matupu. Magari mengine yalikuja, yakazima injini, yakaondoka. Nilimwambia dereva twende. "Mama, hebu subiri kidogo," akasema, "yule nyamera mwenye mtoto hajala tangu tumefika." Baada ya kama robo saa, vichwa vinne vya simba jike vilinyanyuka kwa mpigo, hatua thelathini kutoka kwetu. Mwanangu wa miaka saba alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Hawakumpata nyamera, na hakuna aliyeongea garini kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mkimpata mnyama, zimeni injini mbaki. Simba aliyelala saa 10 jioni huamka machweo, anapiga miayo, anajinyoosha, anaita. Anayekimbilia simba wa pili hukosa hayo yote kwa wa kwanza. Ongeeni kwa sauti ya chini, msipige kofi mlangoni, msitoe mwili nje, na mtoto asipewe kitu cha kurushia nyani.

Saa za jua kali nendeni kituo cha wageni Seronera, ambako watoto wanaweza kushuka, kutembea na kusoma. Pimbi watawazunguka miguuni. Kisha bwawa la viboko la Retima, na mkiwa na nguvu, kusini hadi vilima vya mawe vya Moru, ambako faru weusi hulindwa na michoro ya kale ya Wamaasai bado iko kwenye mwamba. Hao ndio walioiita nchi hii Siringet, mahali ambapo ardhi inaendelea bila kikomo. Ukisimama kwenye gari pale Moru ukatazama kusini, jina linajieleza.

Jumapili: kutoka

Kunjeni hema gizani, saa 11 alfajiri, mfunge mizigo kabla ya mwanga. Alfajiri ya pili itumieni barabarani kuelekea magharibi, chai mkiinywea garini. Hesabuni kurudi nyuma kutoka saa 7 mchana: kwa vyovyote muwe mmepita Kirawira ifikapo saa 4 na nusu, mbaki na muda wa pancha moja. Taka zote mlizozalisha mnatoka nazo.

Getini dereva aoneshe vibali, ninyi mshuke mnyooshe miguu. Zungukeni gari mkague boliti za magurudumu kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami, maana vile vijituta vimekwisha kuzilegeza. Kisha Lamadi, dakika chache mbele, kuna sato wa kukaanga na ugali wa moto.